Miaka 11 nilikimbia floraidi kwa sababu ya meno ya Arumeru. Someni hili la dawa ya meno yenye stanasi kabla hamjapoteza magego kama mimi

Mwana_wa_Maji_ya_Chai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, wilaya ya Arumeru. Anayepajua ameshaelewa naanzia wapi. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yalipoota ya ukubwani, na mdogo wangu ana matege. Shule ya msingi hakuna aliyeshangaa maana darasa karibu zima tulikuwa hivyo. Aibu niliijua nilipopelekwa bweni Tabora, ndipo nikaanza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Kidato cha pili mwalimu wa kemia akatueleza kwamba meno ya watu wa ukanda wetu yanaharibiwa na madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji. Alisema kweli. Mimi nikaenda mbali kuliko alikonipeleka: nikageuza boksi la dawa ya meno, nikakuta floraidi imeandikwa, nikaapa kwamba kitu hicho hakitaingia tena kinywani mwangu.

Kiapo hicho nilikishika miaka 11. Nilipiga mswaki kwa chumvi, kwa mkaa wa kusaga, na kwa zile dawa zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina floraidi. Magego mawili yakatoboka, moja likang'olewa. Fizi zikaanza kutoa damu kila asubuhi, povu linatoka la waridi. Nilikuwa nafungulia bomba haraka ili lisombwe mtu mwingine asilione. Mwishowe mke wangu akaniambia kwa upole kabisa, usiku, taa imezimwa, kwamba harufu ya kinywa changu imebadilika. Kesho yake nikaenda kliniki ya meno hapa Mwanza.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alichukua kichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakichomeka taratibu kati ya ufizi na jino huku anamtajia msaidizi wake namba: mbili, tatu, tatu, nne, tano, tano, nne. Nikamuuliza namba za nini. Akajibu, "Mpaka tatu hatuna ugomvi. Kuanzia nne ufizi wako umeanza kuachana na jino." Kisha akakwangua ugaga nyuma ya meno ya chini ya mbele. Kipande kimoja kiliruka kikatua kwenye karatasi aliyonivisha kifuani. Akakichukua akaniwekea kidoleni: cha njano iliyokolea, kigumu kama kokoto, ukubwa wa punje ya mtama. Akasema hicho hakuna dawa ya mswaki itakayokitoa, kinatolewa kwa chuma tu, lakini kabla hakijawa kokoto kilikuwa ukoga laini, na ukoga laini uko ndani ya uwezo wangu.

Nikamweleza kiapo changu. Hakunicheka. Alinifafanulia jambo ambalo natamani mwalimu wetu angeliongezea dakika tano tu.

Madoa yangu yalitengenezwa wakati meno yako bado ndani ya taya, yanajengwa. Mtoto anakunywa maji yenye floraidi nyingi siku zote, inaingia kwenye damu, inavuruga ujenzi wa lile gamba gumu la nje. Kwa meno ya mbele kazi hiyo inakuwa imekwisha mtoto anapofika miaka minane hivi. Jino likishaota na kukomaa, huwezi tena kulitia madoa hayo. Kuanzia hapo adui yake ni asidi inayotolewa na vijidudu vinapokula sukari tunayowaachia. Gamba la jino linaanza kuyeyuka pale asidi inaposhusha pH, yaani kipimo cha uasidi (kikishuka, asidi ni kali zaidi), mpaka kwenye 5.5 hivi. Floraidi inayogusa jino kwa nje inasaidia madini yarudi mahali pake, na sehemu iliyojengwa upya kwa floraidi inavumilia mpaka karibu 4.5. Kwa hiyo ile iliyonidhuru niliimeza utotoni, na hii niliyoikimbia ukubwani inapakwa juu ya jino kisha inatemwa. Mimi nilizichanganya.

Sasa stanasi. Dawa nyingi madukani kwetu zina floraidi iliyoungwa na sodiamu. Hizo zinakinga meno yasitoboke, na zinafanya kazi hiyo vizuri. Stanasi floraidi ni floraidi iliyoungwa na bati. Kwenye tyubu inaandikwa "stannous fluoride", mara nyingi asilimia 0.454, ambayo ni sawa na floraidi 1,100 ppm (sehemu 1,100 katika kila milioni). Bati lenyewe ndilo linalohangaika na fizi. Linaingia kwa vijidudu na kuwavuruga wasiweze kuitumia sukari sawasawa, kwa hiyo asidi inapungua na ukoga unakua polepole. Linadhoofisha pia ile sumu ya vijidudu inayofanya ufizi uvimbe na kuvuja damu. Na linaacha utando unaoziba vitundu vidogo vya jino, ndiyo maana wenye meno yanayotia ganzi wakinywa maji ya baridi wanapata nafuu.

Nilipiga mswaki kwa hiyo dawa asubuhi na usiku, dakika mbili, brashi laini, nimeilaza kwenye mpaka wa ufizi na jino. Natema povu, sisukutui kwa maji, ili ibaki kinywani. Damu ilipungua wiki ya pili. Baada ya miezi mitatu nikapimwa tena: tano zote zimeshuka, nyingi ni tatu, imebaki nne moja kwenye gego la nyuma kushoto. Niwe mkweli, kukwanguliwa ugaga ndiko kulikotangulia, na bila hilo dawa ingekuwa inapaka rangi ukuta mbovu. Ila mwanzo, kabla sijaanza hii, niliwahi kukwanguliwa kwingine nikarudi kwenye mkaa na chumvi, na damu ikarudi kabla ya mwezi kwisha.

Karibuni tujadiliane. Wenye taaluma mnirekebishe.

---

Bibi_Harusi_wa_Kigamboni

Mkuu pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha. Mimi damu inanitoka kwenye fizi tangu mimba ifike miezi mitano. Mama mkwe ananiambia ni upungufu wa vitamini, nile machungwa. Nala machungwa mpaka ulimi umechubuka, damu ipo palepale.

---

Tabibu_Kinywa

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko kazini mwaka wa 14. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, nitaongeza tu.

Dada wa Kigamboni, hongera kwa ujauzito. Homoni za mimba zinafanya fizi ziitikie ukoga kwa ukali zaidi. Ukoga uleule uliokuwa haukusumbui mwaka jana, sasa unakutoa damu. Machungwa ni mazuri kwa afya yako lakini hayaondoi ukoga, na ukiyala kutwa nzima asidi yake inalainisha gamba la meno. Yale pamoja na chakula, kisha subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito kunaruhusiwa, mwambie tu anayekuhudumia una miezi mingapi. Dawa ya meno yenye stanasi unaweza kutumia. Na tafadhali usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila wiki: mtu anaona damu, anaruka sehemu ile, ukoga unazidi, damu inazidi.

Mwenye kisukari naye asikie. Sukari ikiwa juu fizi haziponi haraka, na fizi zikiwa na maambukizi sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Nikiona mtu wa miaka 45 ana majipu ya fizi yanayojirudia namwambia apime sukari kabla hajatoka getini.

---

Mpemba_Maskati

Assalaam aleykum. Niko Maskati. Baada ya kusoma uzi nimekwenda famasi ya hapa mtaani, nimesimama mbele ya rafu kama robo saa nageuza maboksi. Mengi ni sodiamu. Nimepata moja tu yenye stanasi, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ninayotumia. Kaka yangu, ile unayotumia ni ya jina gani? Tupe jina tu tumalize.

---

Mwana_wa_Maji_ya_Chai

Waaleykum salaam ndugu yangu. Sikutaja jina makusudi, na sababu ni hii. Dada yangu yupo Marekani, aliniletea dawa ya meno iitwayo parodontax ya huko, nikasoma nyuma: stanasi floraidi. Nilipoishiwa nikapata parodontax iliyotoka Ulaya, jina lilelile, nikaigeuza: magadi soda na sodiamu floraidi. Si dawa mbaya, ina kazi yake, lakini si ile niliyokuwa naitafuta. Colgate Total nayo ya Marekani ilibadilishwa mwaka 2019 ikawekwa stanasi, na mtu akiona jina anaweza kudhani kila Total duniani iko hivyo. Kwa hiyo jina la mbele liache, soma maandishi madogo ya nyuma. Kama hiyo uliyoipata imeandikwa stanasi na tarehe yake haijapita, umeshafika.

---

Ticha_Kemia_Iringa

Nimeguswa na huyo mwalimu wa Tabora, maana na mimi nafundisha kemia na huenda nimewaachia wanafunzi wangu nusu ya habari vilevile.

Kuna aliyejiuliza kwa nini stanasi si ya kawaida madukani wakati inafanya yote hayo? Jibu liko kwenye kemia yake. Bati lina hali mbili: lile lenye chaji mbili, ambalo ndilo stanasi, na lile lenye chaji nne. Lenye chaji mbili halitulii. Likikutana na maji na hewa linageuka kuwa la chaji nne, na likishageuka nguvu yake kwa vijidudu imekwisha. Sasa dawa ya meno ni uji wenye maji, unakaa ghalani miezi. Ndiyo kazi ngumu aliyonayo mtengenezaji.

Historia yake inavutia. Miaka ya 1950 Joseph Muhler, Harry Day na William Nebergall wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ndio walioitafiti, na kazi yao ikazaa dawa ya meno ya Crest, iliyoanza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1956. Tatizo lao la kwanza lilikuwa unga wa kusugulia. Ule wa kawaida wa chokaa ulikuwa unaikamata floraidi yote kabla haijafika kwenye jino, ikabidi watafute unga mwingine usiogombana nayo. Mwaka 1960 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kikaitambua kuwa inazuia kuoza kwa meno, na haikuwahi kutokea dawa ya meno kupewa utambuzi huo kabla yake. Lakini shida ya kuharibika na kutia rangi ilibaki, na mwaka 1981 Crest wenyewe wakahamia sodiamu floraidi. Stanasi ilirudi kwa kishindo baadaye, walipojua kulituliza bati kwa viambato vingine, na baadhi ya dawa sasa zinatengenezwa kwa maji machache sana.

Kwa matumizi yetu hapa maana yake ni kwamba usinunue tyubu iliyokaa dirishani kwa duka ikipigwa jua, angalia tarehe, na funga kifuniko.

Halafu, kwa wanaoifananisha na paa: bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Bati linalozungumzwa hapa ndilo linalopakwa ndani ya makopo ya vyakula.

---

Kijana_wa_Nakuru

Mimi niko Nakuru, Kenya, na shida hii tunaijua vizuri, Bonde la Ufa ni moja na maji ni yaleyale. Nyumbani tulipata mtungi wa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa ambayo inakamata floraidi, kupitia mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru. Wadogo zangu wawili waliozaliwa baada ya mtungi kuja wana meno meupe, mimi na dada mkubwa tuna kahawia. Ukitusimamisha kwa mstari unaona mwaka mtungi ulipofika.

Swali langu: nimesikia stanasi inachafua meno. Sisi wenye madoa tayari tutaongezewa mengine?

---

Tabibu_Kinywa

Swali zuri mwanangu. Inaweza kuacha rangi, ndiyo, kahawia hafifu, hasa kwa mnywaji wa chai ya rangi, kahawa au mvutaji wa sigara. Lakini rangi hiyo imekaa juu ya jino. Ukija kusafishwa inatoka, na dawa za siku hizi zinatia kidogo kuliko zile za zamani. Madoa yako wewe yamo ndani ya gamba lenyewe, hayatoki kwa kusugua hata ukisugua mwaka mzima. Yanafifishwa kwa njia nyingine kliniki, na usimruhusu mtu akusugulie kwa tindikali ya mtaani. Nimepokea vijana waliochomwa fizi kwa hiyo kitu.

La ladha nalo lisikushtue. Wengine inawakakasa ulimi kama bibo la korosho siku za mwanzo. Linapita.

---

Asili_Daima

Mimi naomba niseme tofauti kwa heshima. Floraidi ni sumu, inajulikana. Babu zetu walitumia mswaki wa mti na walikufa na meno yao yote. Mwanzisha uzi mwenyewe ni shahidi, ameharibiwa na floraidi, halafu anatuhimiza tuirudie. Hamuoni kuna biashara hapo?

---

Mwana_wa_Maji_ya_Chai

Ndugu yangu, siuzi kitu, na hofu yako naiheshimu kwa sababu ilikuwa yangu miaka 11. Uchungu wa floraidi naujua kwenye miguu ya mdogo wangu, huhitaji kunishawishi kwamba ikizidi inaumiza.

Mswaki wa mti ni mzuri, natumia nikiwa safarini. Nyuzi zake zinasugua kweli. Ila babu zetu hawakuwa na soda mbili kwa siku wala biskuti dukani kila kona.

La sumu namwachia Ticha atupigie hesabu.

---

Ticha_Kemia_Iringa

Hesabu ni fupi. Mtoto wa miaka minne anawekewa dawa ya ukubwa wa njegere, kama robo gramu. Dawa ya 1,000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Kwa hiyo hata akiimeza yote kwa bahati mbaya amemeza miligramu 0.25. Sasa mtoto huyohuyo akinywa lita moja ya maji yenye miligramu 5 kwa lita, amemeza miligramu 5, mara 20 ya ile njegere, na anakunywa kila siku. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ndugu wa Asili, nakubaliana nawe kabisa kwamba kuna floraidi ya kuogopwa. Iko kwenye ndoo.

Na kuichemsha ndoo hiyo hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, ukikaa jikoni sana inakuwa nzito zaidi.

---

Mama_Usa_River

Jamani, nimesoma mpaka nikakaa chini. Mwanangu ana miaka minne, tunaishi Usa River, maji tunachota bombani na siku nyingine kisimani. Nilimnyima dawa ya meno kabisa nikidhani namwokoa na kahawia. Juzi nimeona gego lake lina tundu jeusi. Kumbe nimemnyima kinga, nikamwachia kisima? Nifanyeje, nimpe hiyo stanasi?

---

Tabibu_Kinywa

Mama, usijilaumu, ulifanya kwa mapenzi. Fanya hivi.

Maji kwanza. Ya kunywa na ya kupikia uji wake yawe yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, au ya mvua yaliyokingwa vizuri. Hapo ulipo uko jirani na kituo cha Ngurdoto, ambako kazi yao ndiyo hiyo ya kuondoa floraidi kwenye maji, nenda ukaulize chujio na namna ya kubadilisha mkaa, maana ukichoka haukamati tena. Pia punguza magadi kwenye maharage na makande ya mtoto. Magadi tunayotumia huku yana floraidi, na mama wengi hawajui.

Dawa ya meno: mtoto wa umri wake hana haja ya stanasi, labda aelekezwe na daktari. Dawa ya watoto yenye floraidi ya kawaida inatosha. Kiasi cha njegere, wewe mwenyewe umwekee, wewe umpige mswaki, na umfundishe kutema. Aliye chini ya miaka mitatu ni kama punje ya mchele tu. Tyubu ikae juu asipofikia, asije akailamba kama pipi.

Lile gego mpeleke wiki hii. Usisubiri lianze kumuuma usiku.

---

Mama_Usa_River

Nitaenda Jumatatu asubuhi. Mungu akubariki dokta.

---

Asili_Daima

Hiyo hesabu ya Ticha nimeirudia kwa kikokotoo, iko sawa. Sijabadilisha kila kitu, lakini nyumbani kwetu ni Singida na sijawahi kupima maji ya kisima chetu. Yanapimwa wapi?

---

Mwana_wa_Maji_ya_Chai

Ndugu, anzia ofisi ya maji ya wilaya, waulize maabara ya maji iliyo karibu. Chukua chupa safi ya plastiki, isuuze kwa maji ya kisima hichohicho mara tatu kabla hujaijaza, andika juu yake mahali na tarehe. Ukipata jibu lirushe hapa, na wengine wa Singida walione.

Mama Usa River, mimi Jumamosi naenda nyumbani kumwona mama, napita hapo njiani. Mama ana mtungi wa kuchujia lakini mkaa wake una miaka, na watoto wa mdogo wangu watatu wanakunywa humo. Nimewanunulia brashi ndogo laini na tyubu moja ya watoto, na nina gunia la kubebea mkaa mpya. Kama kuna mtu wa Arumeru anayejua fundi wa kubadilisha mkaa Jumamosi mchana, anitumie PM kabla ya Ijumaa jioni.